Bingwa wa Kupigiwa Kura

Maneno haya niliyasema jioni moja, baada ya msimu wa 2024, kwenye mkusanyiko wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Columbus, Ohio. Niliombwa nieleze kwa nini watoto wetu wanagombana mezani kwa sababu ya mpira wa Kimarekani wa vyuo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo.

Nianze na dada yetu mmoja aliyenikamata pale nyuma nikipakua pilau. Kaniuliza: "Kaka, hivi Ohio State ni mabingwa au si mabingwa? Mwanangu ana fulana ya ubingwa, halafu jirani yangu anacheka, anasema Michigan waliwafunga." Nikamjibu kwamba yote mawili ni kweli. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu anayekwepa deni.

Mimi ni dereva wa basi. Mpira huu, ule wa kofia ngumu na mabega ya kuvimba, sikuzaliwa nao. Nimefundishwa na abiria. Jumamosi za vuli uwanja wa hapa, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, unabeba watu zaidi ya 100,000, na sehemu yao napakia mimi. Nilichojifunza kwao ni hiki: wenzetu wana maswali mawili. La kwanza, nani ni bora? La pili, nani ameshinda? Kwetu ni swali moja. Ligi Kuu ya Bara ina timu 16, kila moja inakutana na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, mechi 30, basi, unatazama msimamo. Simba na Yanga watabishana kuhusu refa mpaka jogoo awike, lakini msimamo wa ligi haupigiwi kura.

Hapa vyuo vya daraja la juu vinazidi 130, na kila kimoja kinacheza mechi 12 hivi msimu mzima. Mchezo wenyewe unavunja mbavu, huwezi kuucheza Jumamosi ukarudia Jumatano. Vyuo vimejigawa katika ligi zao, Big Ten huku kwetu, SEC kule kusini, na kadhalika, na timu nyingi hazikutani maisha. Sasa mwisho wa msimu una timu tatu hazijafungwa, moja ya kusini, moja ya magharibi, moja ya hapa. Utafanyaje? Wao walifanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Walipiga kura.

Tabia hiyo ya kuwa na mabingwa wawili ni ya tangu tumboni. Mechi inayohesabiwa ya kwanza ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakawafunga Princeton 6 kwa 4. Wiki moja baadaye wakarudiana, Princeton wakashinda 8 kwa 0. Msimu ukaishia hapo. Timu mbili, mechi mbili, kila mmoja kashinda moja.

Kwenye miaka ya 1920 profesa mmoja wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Frank Dickinson, akabuni hesabu ya kupanga timu. Kocha wa Notre Dame, Knute Rockne, aliipenda ile hesabu, akamwomba airudishe nyuma miaka miwili. Miaka miwili nyuma ilikuwa 1924, mwaka ambao Notre Dame hawakufungwa. Profesa akakubali. Mnaona mambo hayo? Kabla wino haujakauka, bingwa keshaanza kutafutiwa mwaka.

Lakini baba wa kura hizi ni mwandishi wa habari, Alan Gould wa shirika la Associated Press. Mwaka 1935 alikaa mwenyewe akapanga timu, akaweka tatu pamoja juu kabisa: Minnesota, Princeton na Southern Methodist. Watu wa Minnesota wakawaka moto, maana wao walijiona peke yao. Mwaka uliofuata, 1936, akaacha kupanga peke yake, akawakusanya waandishi wa magazeti mbalimbali wapige kura kila wiki. Ndiyo kura ya AP hiyo, ipo mpaka leo. Na Gould hakuficha nia yake. Alisema baadaye kwamba shida yao ilikuwa kupata kitu cha kuwafanya watu waendelee kubishana katikati ya wiki, kati ya Jumamosi moja na nyingine. Kwa hiyo mtoto wako akibishana mezani siku ya Jumatano, usimgombeze. Kazi hiyo ilipangwa na watu wazima.

Mwaka 1950 makocha nao wakapata kura yao, kupitia shirika la United Press. Sasa kura mbili. Mnaweza kukisia kitakachofuata.

Kuna jambo jingine lazima nilieleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini hawakucheza tu fainali kama binadamu wengine. Ni zile mechi za bowl, yaani bakuli. Ya kwanza ilichezwa Pasadena, California, siku ya Mwaka Mpya wa 1902, Michigan wakawabamiza Stanford 49 kwa 0. Wenyeji walikuwa na tamasha la maua ya waridi, wakataka kuwaonyesha watu wa kaskazini waliofunikwa na theluji kwamba kwao Januari kuna jua. Miji mingine ya joto ikaiga: New Orleans, Miami, Dallas. Kila mji una kamati yake, mahoteli yake na mkataba wake na ligi fulani. Rose Bowl, ile ya Pasadena, ikafungamana na Big Ten na ligi ya Pasifiki, ndoa ya Kikatoliki kabisa. Kwa hiyo timu namba moja na timu namba mbili zingeweza kucheza siku moja, saa zinazokaribiana, katika miji miwili tofauti, na timu nyingine kabisa.

Na kura? Kwa miaka mingi zilifungwa kabla ya mechi hizo. Msimu wa 1964 Alabama walitangazwa mabingwa na waandishi na makocha, kisha siku ya Mwaka Mpya wakafungwa na Texas 21 kwa 17. Kombe walibaki nalo. Waandishi wakaona aibu, wakaanza kusubiri. Makocha hawakuona aibu upesi hivyo. Mwaka 1973 wakawapa Alabama tena, Alabama wakaenda New Orleans wakafungwa na Notre Dame 24 kwa 23. Hapo ndipo nao wakakubali kwamba bingwa ni vizuri asubiri amalize kucheza.

Katikati ya hayo Rais Nixon akajiingiza. Desemba 1969 alikwenda Arkansas kutazama Texas wakiwashinda wenyeji 15 kwa 14, akaingia chumba cha wachezaji akawakabidhi ngao ya namba moja. Penn State, ambao nao hawakuwa wamefungwa, wakabaki wanatazama televisheni. Kocha wao Joe Paterno alikaa na donge hilo miaka minne, mpaka kashfa ya Watergate iliyomwangusha Nixon, akauliza hadharani ilikuwaje rais ajue kidogo hivyo kuhusu Watergate na ajue mengi hivyo kuhusu mpira wa vyuo.

Sasa kuna kisa kimoja nataka nikikalie. Abiria wangu mmoja, mzaliwa wa Missouri, alinisimulia na mikono yake yote miwili, mpaka nikamwomba ashike nguzo.

Katika mchezo huu timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira. Manne. Ukishindwa, mpira wa mwenzako. Pembeni ya uwanja kuna mtu ameshika mti wenye namba. Jaribio likipita, anageuza namba: moja, mbili, tatu, nne. Kazi yake ni hiyo tu. Tarehe 6 Oktoba 1990 Colorado walikuwa ugenini kwa Missouri, wako nyuma 31 kwa 27, dakika ya mwisho, mpira uko karibu kabisa na mstari wa goli. Jaribio la kwanza, Charles Johnson, anayeongoza mashambulizi, akaupiga mpira chini kusimamisha saa. Sheria inaruhusu, lakini jaribio linahesabiwa. La pili, mwenzake akajirusha katikati, akazuiwa. Colorado wakaomba muda. Katika zogo lile mwenye mti hakugeuza namba. Wakarudi, wakajaribu tena, ya tatu hiyo, mti unasema ya pili. Wakazuiwa. Saa inakimbia. Johnson akatazama ule mti, akaona bado ana nafasi, akaupiga mpira chini tena. Hiyo ilikuwa ya nne, ndugu zangu! Mchezo umekwisha. Lakini mti unasema ya tatu, na refa wanaamini mti. Wakacheza ya tano, Johnson akajipenyeza, wakampa pointi, muda ukaisha. Colorado 33, Missouri 31. Yule bwana anasema hata hiyo ya tano Johnson hakuvuka mstari, lakini hapo ni Mmissouri anayeongea.

Refa walisimamishwa kazi. Matokeo hayakuguswa. Na mwisho wa msimu nani akatangazwa bingwa na waandishi? Colorado hao hao, wenye kufungwa moja na sare moja. Makocha wakawapa Georgia Tech, ambao hawakufungwa kabisa ila walikuwa na sare moja, na wakawapa kwa tofauti ya pointi moja ya kura. Mwaka uliofuata mabingwa wawili tena, Miami na Washington.

Hapo wenye mali wakaanza kuona kwamba ubishi unauza magazeti, lakini fainali ingeuza zaidi. Wakaunda ushirika wa mechi za bakuli, ukashindwa, kwa sababu Rose Bowl na ligi zake mbili walikataa kuingia. Mwaka 1997 Michigan hawakufungwa, Nebraska hawakufungwa, kila mmoja akapewa kombe lake. Mwaka 1998 ndipo Rose Bowl wakalegeza, ukazaliwa mfumo unaoitwa BCS: changanya kura za watu na hesabu za kompyuta, pata wawili wa juu, wacheze fainali. Watu walishangilia kweli. Kompyuta haina mjomba Alabama.

Lakini kompyuta inajua ulichoilisha tu. Mwaka 2001 Nebraska walipigwa na Colorado 62 kwa 36 mwishoni mwa msimu, hata fainali ya ligi yao hawakuifikia, na mashine zikawapeleka fainali ya taifa. Miami wakawamaliza 37 kwa 14. Wakubwa wakarekebisha hesabu. Mwaka 2003 Southern California walikuwa namba moja kwa waandishi, namba moja kwa makocha, na mfumo ukawaweka wa tatu. Fainali wakacheza LSU, yaani chuo cha Louisiana, na Oklahoma, na hao Oklahoma walikuwa wametoka kufungwa 35 kwa 7 katika fainali ya ligi yao. LSU wakashinda. Waandishi wakasema sisi bingwa wetu ni Southern California. Makocha walifungwa na mkataba kumpigia kura mshindi wa fainali ile. Watatu kati yao walikataa, wakapiga wanavyoona. Nawapenda sana hao watatu. Mwaka uliofuata Auburn walishinda mechi zote, zote, na hawakucheza fainali, kwa sababu timu nyingine mbili nazo zilikuwa zimeshinda zote na viti ni viwili. AP wakatoa kura yao kwenye mfumo, wakasema wasihusishwe tena.

Kuna dosari moja ndogo ambayo mimi ninaiona kubwa kuliko hizo. Kompyuta zilikuwa sita, na wenye hesabu tano walizificha kama mganga na dawa yake. Mmoja tu, Wes Colley, aliitoa hesabu yake yote hadharani. Desemba 2010 mtu mmoja akairudia mwenyewe, akakuta mechi moja ya daraja la chini, Appalachian State na Western Illinois, haikuingizwa. Mechi moja ya timu ambazo hazikuhusika na chochote! Ilipoingizwa, LSU na Boise State wakabadilishana nafasi, ya 10 na ya 11. Colley akaomba radhi. Zile tano nyingine zilikuwa na makosa mangapi? Aliyepatikana na kosa ni yule aliyefungua mlango tu.

Mwaka 2008 Utah walimaliza bila kufungwa, wakawachapa Alabama kwenye Sugar Bowl, wakaambulia kupongezwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo lao akaanza kuchunguza kama mfumo unavunja sheria za ushindani. Na rais mteule wakati huo, huyu mtoto wa mtu wa Kogelo, alihojiwa kwenye televisheni akasema anataka mtoano wa timu nane. Wakenya mliopo, pigeni makofi, lakini jueni kwamba hata yeye hakusikilizwa.

Mnaniuliza kwa nini chama cha michezo ya vyuo, NCAA, hakiamui. Hakijawahi. Katika daraja la juu la mpira huu NCAA haijatoa ubingwa hata mwaka mmoja. Inatoa kwa mpira wa kikapu, inatoa kwa madaraja ya chini ya mpira huu huu, kwa mtoano wa kawaida, tangu miaka ya 1970. Juu huku wameachiwa wenye ligi na wenye televisheni, hasa baada ya Mahakama ya Juu ya nchi, mwaka 1984, kuinyang'anya NCAA udhibiti wa haki za kurusha mechi. Kwa hiyo mkisikia mtu anasema mtoano utawakosesha wanafunzi masomo, kama walivyosema miaka nenda miaka rudi, muulizeni kama wanafunzi wa vyuo vidogo hawana mitihani.

Na kwa kuwa hakuna mwenye muhuri, kila mtu anajichongea wa kwake. Alabama wanajihesabia ubingwa wa 1941, mwaka ambao walifungwa mara mbili na kura ya AP iliwaweka wa 20. Kuna mtu fulani wakati ule aliwaweka wa kwanza katika orodha yake, basi miaka ya 1980 ofisi yao ya habari ikaiokota. Mwaka 2017 Central Florida walishinda mechi zote 13, wakaachwa nje ya mtoano, wakajitangaza mabingwa, wakafanya maandamano ya ushindi Disney World na makocha wakalipwa bonasi. Watu waliwacheka. Mimi sikucheka. Auburn waliofungwa na Central Florida ndio waliokuwa wamewafunga timu zote mbili zilizocheza fainali mwaka ule.

Huo mtoano niliosema ulianza msimu wa 2014, timu nne, zinazochaguliwa na kamati ya watu 13 hivi wanaokutana hotelini Grapevine, karibu na Dallas. Kompyuta zikarudishwa stoo. Kwenye kamati ya kwanza alikuwemo Condoleezza Rice, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Kazi yao ya kwanza tu: TCU, chuo kimoja cha Texas, walikuwa wa tatu, wakashinda mechi yao ya mwisho 55 kwa 3, wakashushwa mpaka wa sita. Aliyepandishwa ni nani? Ohio State yetu, iliyokuwa imeshinda 59 kwa 0 na kiongozi wake wa tatu wa mashambulizi, wawili wa kwanza wakiwa majeruhi. Tukaenda tukachukua kombe. Hapa mjini hakuna aliyelalamikia kamati mwaka ule.

Mwaka 2023 Florida State nao walimpoteza kiongozi wao wa mashambulizi kwa kuvunjika mguu. Wakamaliza 13 bila kufungwa, wakiwa mabingwa wa ligi yao. Kamati ikawaacha, ikachukua Alabama waliofungwa mara moja, kwa maelezo kwamba bila kijana yule timu si ile tena. Hapo ndipo maswali yale mawili yaligongana uso kwa uso. Aliyeshinda akaambiwa si bora. Nilikuwa na abiria kutoka Tallahassee wiki ile, akashuka vituo viwili kabla ya chake, nadhani alitaka kutembea tu.

Msimu uliofuata wakaongeza timu zikawa 12, na huu ndio ulioleta ugomvi wa fulana nyumbani kwa dada. Tarehe 30 Novemba 2024 Michigan walikuja hapa, timu dhaifu mwaka ule, wakatufunga 13 kwa 10. Mwaka wa nne mfululizo. Wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza pilipili. Zamani kwa kufungwa vile msimu ungekuwa umezikwa. Hata fainali ya Big Ten hatukufika. Lakini viti vilikuwa 12, tukaingia kama wa nane. Tukawafunga Tennessee hapa hapa kwenye baridi, tukawafunga Oregon waliokuwa hawajafungwa na ambao walishatufunga Oktoba, tukawafunga Texas, na tarehe 20 Januari kule Atlanta tukawafunga Notre Dame 34 kwa 23.

Kuna mzee mmoja abiria wangu wa kila siku, fundi bomba mstaafu, anakaa kiti cha mbele upande wa mlango. Ile jioni ya Michigan alipanda, akavua kofia yake nyekundu, akaiweka mapajani, hakusema neno mpaka kituo chake. Wiki nane hakuivaa. Siku ya sherehe uwanjani alipanda ameivaa, nami nikampa mkono, nikamwambia hongera, nyinyi ni mabingwa wa nchi nzima. Akanishukuru. Akakaa, akatazama dirishani mataa mawili matatu hivi, halafu akanigeukia.

"Lakini Michigan walitufunga," akasema.